Kuku wa kienyeji: kuwaachia huru, ua wa makuti, wavu au banda la kuhamisha?

Kinachomrudisha kuku nyumbani jioni ni banda alilozoea kulala. Akishajua kwamba fito ile ndiyo kitanda chake na mlango ule ndipo anapomwagiwa mtama, saa 12 jioni ikikaribia atarudi mwenyewe, hata kama mchana kutwa alikuwa anachakura nyuma ya nyumba ya tatu. Uzio una kazi nyingine kabisa: kumzuia asifike huko nyuma ya nyumba ya tatu.

Wafugaji wengi huyachanganya mambo haya mawili. Mmoja hununua mabunda ya wavu wakati shida yake ni banda lililojaa utitiri, mwingine anahangaika kuwazoesha kuku kurudi wakati wanarudi kila siku na ugomvi uliopo ni mchicha wa jirani. Kabla hujatoa hela, jibu kwanza: kuku wako hawarudi, au wanarudi lakini mchana wanakwenda kusikotakiwa?

Njia nne zinalinganishwa hapa kwa kundi moja la mfano, matetea 20 na majogoo 2 wa kienyeji. Kila njia imepimwa kwa mambo yale yale: kama inawaweka kuku nyumbani, inavyowakinga na maadui, chakula utakachobeba wewe, magonjwa, gharama na kazi, kisha inamfaa nani. Vifaa vimetajwa kwa idadi na vipimo ili ukifika duka la vifaa vya ujenzi uulize bei ya siku hiyo.

Jambo moja la kimaumbile lishike tangu mwanzo. Tetea wa kienyeji mwenye kilo moja na robo ni mwepesi, na akitaka atavuka ua wa mita 1.5 bila taabu. Kuroiler na Sasso, ambao ni kuku chotara, ni wazito, na mara nyingi ua wa mita 1.2 unawatosha. Ushauri wa urefu wa uzio uliotolewa kwa kuku chotara usiuhamishie kwa kienyeji.

NJIA YA 1: Kuwaachia huru, banda la usiku tu

Kubaki nyumbani. Inawezekana kabisa, ila kuku wageni lazima wazoeshwe. Wafungie bandani siku 14 mfululizo, chakula na maji humo humo. Siku ya 15 usiwape chakula cha jioni. Fungua mlango saa 11 jioni. Giza liko karibu, hawatafika mbali. Saa 12 gonga debe au waite kwa sauti utakayoitumia siku zote, umwage konzi mbili za mtama au mahindi yaliyoparazwa ndani ya banda. Rudia hivyo siku tano. Wiki inayofuata fungua saa 8 mchana, na ukiona wote wanaingia bila kusukumwa, anza kuwafungulia asubuhi. Anayewafungulia siku ya pili baada ya kuwanunua mnadani ndiye anayezunguka mtaa mzima akiulizia kuku wake.

Waliokwisha kuzoea kwa kawaida huzunguka ndani ya mita 100 au 200 kutoka bandani. Wakivuka hapo mara kwa mara kuna sababu: njaa, jalala lenye mabaki, au majogoo wengi mno nyumbani wanaowakimbiza matetea. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10.

Dalili ya hatari ni kuku kulala juu ya mwembe. Akilala huko usiku wa kwanza na wa pili, usiku wa tatu ndipo kwake. Subiri giza liingie, kuku haoni vizuri gizani. Panda umchukue kwa mikono, umweke kwenye fito ya banda. Fanya hivyo usiku minne au mitano bila kuruka hata mmoja. Na kabla ya kumlaumu kuku, ingia bandani usiku na tochi. Mulika chini ya fito na kwenye nyufa za ukuta. Ukiona vidudu vidogo vyekundu au vya kijivu vikitembea kwa wingi, au papasi wamejificha kwenye nyufa, umeshapata jibu. Kuku wanakimbia kunyonywa damu. Toa fito zote, mwagia nyufa maji yanayochemka, ziba kwa udongo, paka ukuta chokaa, na tumia dawa ya unga atakayokuelekeza mtaalamu wa mifugo. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu mayai ya utitiri huwa yamebaki.

Maadui. Hapa njia hii ni dhaifu. Usiku banda zuri linatosha, lakini mchana kuna mwewe, nguchiro na mbwa wa mtaani. Acha vichaka viwili vitatu au panda migomba karibu na banda ili kuku wapate pa kujitupa mwewe akipita. Vifaranga wasitoke kabla ya wiki 6 hadi 8. Wengi wa waliopotea hupotea katika siku hizo za mwanzo.

Chakula. Ndiyo faida kubwa ya njia hii. Kuku anayejitafutia anahitaji nyongeza ya gramu 30 hadi 50 kwa siku. Kwa kuku 22 ukikadiria gramu 40, ni chini kidogo ya kilo moja kwa siku, kama kilo 27 kwa mwezi. Kiangazi kikikaza wadudu hupungua, basi ongeza. Hasara ni mayai kutagwa vichakani. Matetea wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo wafungulie saa 4 badala ya alfajiri, na uweke viota vyenye kiza, sentimita 30 kila upande, kimoja kwa matetea 4 au 5.

Magonjwa. Kuku wako watachanganyika na wa jirani, na kideri hupita hapo hapo. Chanjo yake ni matone ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, rudia kila baada ya miezi 3. Ongea na majirani mchanje siku moja, maana chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya mwezi ujao.

Gharama na kazi. Banda la mita 2 kwa 2.5 linawatosha kuku 22, pamoja na fito zenye jumla ya mita 4.5, sentimita 20 kwa kila kuku. Kazi ni kufungua, kufunga na kuhesabu. Kuhesabu kila jioni kusiwe hiari. Kuku aliyekosekana leo hupatikana kwa urahisi kuliko aliyekosekana tangu juzi.

Na kama ugomvi ni bustani, fikiria kuizungushia bustani na kuwaacha kuku. Bustani ya mita 6 kwa 4 ina mzunguko wa mita 20 tu. Bunda moja la wavu la mita 30 linamaliza kazi na kubaki. Eneo la kuwafungia kuku 22 bila kuua majani linataka mzunguko mara tatu ya huo. Hata kama bustani ni ya jirani, kumnunulia bunda moja ni nafuu kuliko kujizungushia kiwanja chako chote, na ujirani unapona.

Inamfaa nani. Mwenye eneo la kijijini, majirani walio mbali au wanaofuga pia, na mtu anayeshinda nyumbani. Mjini inakuwa ngumu, maana halmashauri nyingi zina sheria ndogo zinazokataza mifugo kuzurura.

NJIA YA 2: Ua wa makuti, matete, mabua au miti

Kubaki nyumbani. Ua usiopitisha macho una nguvu ambayo wavu hauna: kuku haoni kilicho upande wa pili, hivyo hana hamu sana ya kwenda. Ua wa makuti wa mita 1.8 huwazuia wengi wanaoruka wavu wa urefu huo huo. Unaposhindwa ni chini. Kuku hatafuti kuruka kama kuna tundu la kupenya, na tundu analopenya ni dogo kuliko unavyodhani. Zunguka kila wiki ukiangalia sentimita 30 za chini.

Maadui. Mbwa anausukuma akapita, nguchiro anapenya, mwewe anashuka kutoka juu kama kawaida. Usiuhesabu kuwa ulinzi. Michongoma iliyokomaa ndiyo pekee hapa inayomkatisha tamaa mbwa.

Chakula. Inategemea ukubwa wa eneo. Watu wengi huzungusha ua nyumba nzima, kuku wakapata nusu ya mahitaji yao uani. Kadiria gramu 60 hadi 80 kwa kuku.

Magonjwa. Mchanganyiko na kuku wa jirani unapungua. Eneo likiwa dogo, minyoo na ugonjwa wa kuhara damu huongezeka, hasa kwa vifaranga wakati wa masika.

Gharama na kazi. Fedha ni kidogo, kazi ni nyingi. Mabua ya mtama au mahindi hudumu msimu mmoja. Makuti na matete hukaa zaidi, ila mchwa huanzia chini. Choma ncha za nguzo hadi ziwe nyeusi kama mkaa, sentimita 70 kutoka chini, ndipo uzichimbie. Ua mkavu usiupitishe karibu na jiko la kuni.

Ua wa miti hai unataka subira ya miaka 2 au zaidi. Minyaa ndiyo rahisi: kata vipande vya sentimita 40 hadi 50, viache kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha uvipande kwa mistari miwili ya kupishana, sentimita 15 hadi 20 kati ya kipande na kipande. Vaa miwani au angalau geuza uso unapokata. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni hatari, na watoto wasichezee vipande. Minyaa huwa na uwazi chini ikishakua, kwa hiyo weka mabua au wavu mfupi mguuni pake.

Inamfaa nani. Mwenye muda na malighafi karibu, hasa Pwani kwenye minazi au karibu na bonde lenye matete, na mwenye uhakika kwamba ataishi hapo miaka mingi. Mpangaji asianze minyaa.

NJIA YA 3: Uzio wa wavu

Kubaki nyumbani. Ukijengwa sawasawa, hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayowapa kuku nafasi ya kukimbia na wakati huo huo kuhakikisha hawaendi kwa jirani. Ukijengwa ovyo, ni hela iliyosimamishwa kwenye nguzo.

Chukua eneo la mita 15 kwa 15. Ni mita za mraba 225, kama 10 kwa kila kuku katika kundi letu, kiasi ambacho majani yana nafasi ya kupumua. Mzunguko ni mita 60, yaani mabunda 2 ya mita 30, ya urefu wa mita 1.8 na matundu ya inchi 1. Geti la mita 1 ndilo litakalokupa ziada ya kupishanisha wavu kwenye maungio. Nguzo 25 za mita 2.4, moja kila mita 2.5, zikizama sentimita 60. Na mihimili ya kuegemeza 8, miwili kila kona, la sivyo kona zitavutwa ndani siku utakapokaza wavu. Tandika waya mnene chini na katikati, ufunge wavu hapo kwa waya wa kufungia.

Juu usiweke ubao wala fito, na hapo wengi hukosea. Kuku haruki ua moja kwa moja. Huruka kwanza hadi mahali pa kutua, akatulia, akashuka upande wa pili. Ubao wa juu ni ngazi umemjengea. Sentimita 30 za juu ziache zilegee bila waya mnene. Akijaribu kutua hapo wavu unacheza, anarudi chini. Kwa sababu hiyo hiyo ondoa rundo la kuni, tofali na matawi yote yaliyo ndani ya mita 2 kutoka kwenye uzio.

Vifaranga ni habari nyingine. Kifaranga wa siku chache hujibana akapita tundu la inchi 1. Akishatoka haoni njia ya kurudi. Mama yake anatembea ndani kandokando ya wavu, huku na huko, akiita. Vifaranga wako nje wanalia, wanamfuata sambamba, na kilio hicho ndicho kinachomleta mwewe. Zungushia chini ukanda wa wavu wa nusu inchi wenye kimo cha sentimita 45 hadi 60, au mweke mama na watoto kwenye tenga mpaka wakue.

Anayeruka bado baada ya yote hayo, mpunguze bawa. Kunjua bawa moja tu, kata kwa mkasi mkali manyoya 10 marefu ya nje, ukifuata ukingo wa manyoya mafupi yanayoyafunika. Unyoya mchanga wenye mrija uliojaa damu usiuguse. Bawa moja lenyewe linamfanya ayumbe. Ukikata mawili atapaa kwa usawa. Akibadilisha manyoya yataota upya, hivyo kagua. Kuku wa njia ya 1 usimkate bawa kamwe, kwa kuwa ndilo linalomwokoa na mbwa.

Maadui. Wavu mwembamba wa kuku unazuia kuku kutoka; mbwa mwenye nia anauchana. Penye mbwa wengi tumia wavu mzito wa fensi nje na wa nusu inchi chini yake ndani. Anayechimba mzuie kwa kulaza ukanda wa wavu wa sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi upande wa nje, ufukie kwa udongo na mawe. Akichimba mguuni pa uzio anakutana nao. Chini ya geti ndipo penye uwazi uliosahaulika, chimbia tofali mstari mmoja. Mwewe hazuiwi. Na usiku kuku bado wanahitaji banda lenye mlango.

Chakula. Sasa mzigo ni wako. Baada ya miezi michache wadudu na majani hupungua, na kuku anakula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku 22 kwa gramu 110 ni karibu kilo 2.4 kwa siku, kilo 73 kwa mwezi, karibu mara tatu ya njia ya 1. Gharama hii haipo kwenye hesabu za wengi wanaojenga uzio. Huijua miezi mitatu baadaye. Ongeza majani mabichi, mchwa, na chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyopondwa kwa ajili ya gamba la yai.

Magonjwa. Gawa eneo katikati kwa mita 15 za wavu, kuku wakae upande mmoja wiki 4 huku upande wa pili ukiota. Usipogawa, minyoo huongezeka kwenye udongo ule ule. Kideri hakisimamishwi na wavu: huja kwa viatu, kwa trei za mayai za kuazima, kwa kuku mpya uliyemnunua sokoni. Chanjo ni ile ile, miezi ni ile ile, na kuku mpya atengwe siku 14.

Inamfaa nani. Mjini na pembezoni mwa mji, penye majirani wa ukuta kwa ukuta, kando ya barabara, na kwa anayeuza mayai na anataka yote yapatikane viotani.

NJIA YA 4: Banda la kuhamisha

Kubaki nyumbani. Kuku hawatoki, basi. Ni fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, mita 3 kwa 1.5, kimo sentimita 60 hadi 80, imefungwa wavu pande zote na juu, nusu ya paa bati au makuti kwa kivuli, vishikio viwili kila ncha. Inabeba matetea 8 kwa nafasi ya kutosha. Kundi la kuku 22 linataka fremu 3, na hapo ndipo njia hii inapowachosha wenye kundi kubwa.

Maadui. Ni ya pekee inayomzuia mwewe. Udhaifu wake ni ardhi isiyo sawa: fremu ikikaa juu ya bonde dogo, nguchiro anapita chini. Beba magunia ya mchanga ya kuziba.

Chakula. Gramu 80 hadi 100. Majani mapya ya kila siku yanasaidia, wadudu ni wachache.

Magonjwa. Hali ni nzuri sana ukihamisha kila siku, mbaya sana ukiacha siku tatu. Kinyesi kinajaa na kuku wanakula juu ya kinyesi chao. Masika yakigeuza ardhi tope, warudishe kwenye banda la kawaida.

Gharama na kazi. Vifaa si vingi, lakini kila asubuhi watu wawili wanahitajika kuinua. Ukipitisha fremu juu ya matuta yaliyovunwa, kuku wanakula magugu na wadudu, wanaacha mbolea. Subiri miezi 4 kabla ya kuvuna hapo mboga zinazoliwa mbichi.

Inamfaa nani. Mwenye kuku 6 hadi 10, uwanja tambarare wenye majani, au mfugaji yeyote mwenye vifaranga anayetaka wapite salama wiki za mwanzo.

KUCHAGUA KWA HALI YAKO

Kuku hawarudi jioni: usinunue wavu. Kagua utitiri, hesabu majogoo, wafungie upya siku 14, uanze na kufungua saa 11 jioni.

Kuku wanarudi ila wanaharibu bustani moja: zungushia bustani. Zikiwa bustani tatu nne za majirani mbalimbali, sasa wavu wa mita 1.8 una maana.

Upo kijijini na tatizo ni vifaranga wanaochukuliwa: kuku wakubwa waachie huru, mama na watoto kwenye fremu ya kuhamisha hadi wiki ya 8. Mchanganyiko huu wa njia ya 1 na ya 4 unawafaa wafugaji wengi wa vijijini kuliko njia yoyote ikiwa peke yake.

Unapanga nyumba: wavu kwenye nguzo unazoweza kung'oa, au fremu. Mwulize mwenye nyumba kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Huna hela ya wavu mwaka huu lakini kiwanja ni chako: panda ua wa miti sasa mvua zikianza, zungusha mabua mbele yake kwa muda, na kuku waendelee kutoka saa 4 asubuhi. Miti ikifika magotini mabua ya kwanza yatakuwa yameoza. Weka mengine ndani ya mstari wa miti, maana kuku hupenda kuchakura penye udongo laini wa miche michanga.

Na kama bado huna uhakika ni wapi wanakopita, tumia siku moja kabla ya kununua chochote. Keti mahali usipowasumbua tangu saa 4 hadi saa 6, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni, uweke kijiti kila mahali wanapovuka mpaka. Mara nyingi vijiti vyote huangukia upande mmoja wa kiwanja, na mita 15 za wavu upande huo, zikiishia kwenye ukuta au nyumba, zinatosha.